MCHEZA KWAO HUTUNZWA, HANYONYWI

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, pindi timu mbili za mwisho za besiboli zinapokutana kumtafuta bingwa wa Marekani, huzuka ubishi ule ule. Upande mmoja hupiga kelele kwamba ubingwa umenunuliwa kwa fedha. Upande wa pili hujibu kwamba fedha si kitu, na kwamba timu bora ni ile iliyowalea vijana wake yenyewe tangu wakiwa wadogo. Mwaka 2025 ubishi huo ulivuma kuliko kawaida. Los Angeles Dodgers, timu iliyolipa mishahara ya zaidi ya dola milioni 300 kwa msimu mmoja, iliwashinda Toronto Blue Jays kwa mechi nne kwa tatu na kutwaa ubingwa kwa mara ya pili mfululizo. Katika ligi hiyo hiyo zilikuwapo timu zilizolipa chini ya dola milioni 100.

Hapana shaka kwamba ubishi huu una utamu wake. Lakini ni kosa kudhani kwamba ni porojo za washabiki tu. Ndani yake limefichwa swali zito: ni nani anayestahili kula matunda ya kazi ya mchezaji? Wenye timu wanalijua swali hilo vizuri sana. Ndiyo maana hufurahi kuwaona watu wakigombana juu ya fedha na vipaji, maadamu katika ugomvi huo hapatokei mtu wa kuwauliza wao wanachukua kiasi gani.

Yafaa kwanza mchezo wenyewe ueleweke. Besiboli huchezwa na wachezaji tisa kila upande. Mtupaji hurusha mpira, mpigaji wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne ili kuipatia timu yake pointi. Ligi kuu ina timu 30, ambazo 29 ni za Marekani na moja ni ya Canada. Timu nyingi ni mali ya tajiri au kundi la matajiri, na kila moja ina timu ndogo chini yake ambazo Wamarekani wenyewe huziita mashamba. Huko ndiko vijana hupelekwa kukomaa. Jina hilo la shamba limefaa sana, kwa maana linakumbusha kwamba pana anayelima na pana anayevuna, na si lazima wawe mtu mmoja.

FEDHA PEKE YAKE

Wapo wanaodai kwamba mwenye fedha nyingi ndiye bingwa. Dai hili halina msingi imara, na ushahidi wa kulikanusha umejaa tele katika jiji la New York.

Mwaka 2023 timu ya New York Mets ilianza msimu ikiwa na mishahara ambayo haikupata kuonekana katika historia yote ya mchezo huo, zaidi ya dola milioni 330. Msimu ulipokwisha, Mets walikuwa wameshinda mechi 75 na kushindwa 87. Hata kabla ya kufika huko, walikwisha kuwaondoa watupaji wao wawili wa gharama kubwa kuliko wote: Max Scherzer alipelekwa Texas na Justin Verlander akarudishwa Houston. Desemba 2024 timu hiyo hiyo ilimpa Juan Soto mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Mwaka 2025 Mets hawakufika hata katika hatua ya mtoano. Kama ubingwa ungekuwa bidhaa ya dukani, Mets wangekwisha kulinunua duka pamoja na mizani yake.

Jirani zao, New York Yankees, walijifunza somo hilo mapema zaidi. George Steinbrenner aliinunua timu hiyo mwaka 1973, akafungua mkoba wake, na katika miaka ya 1977 na 1978 Yankees wakawa mabingwa. Tajiri huyo akadhani amegundua siri. Katika miaka ya 1980 aliwanunua wachezaji wenye majina makubwa mmoja baada ya mwingine, na ili kuwapata wengine akawatoa vijana wake mwenyewe. Kijana mmoja, Fred McGriff, alipelekwa Toronto mwishoni mwa 1982 kabla hajacheza hata siku moja New York; akaja kupiga mapigo 493 yaliyovusha mpira nje ya uzio na kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Yankees walishinda mechi nyingi kuliko timu nyingine yoyote katika mwongo huo, lakini hawakupata ubingwa hata mmoja.

Dawa ya Yankees ilipatikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1990 Kamishna wa mchezo huo, Fay Vincent, alimpiga Steinbrenner marufuku ya kuiendesha timu, kwa kosa la kumlipa mcheza kamari ili amchimbe mchezaji wake mwenyewe, Dave Winfield. Tajiri hakuruhusiwa kurudi hadi 1993. Katika kipindi hicho, Gene Michael aliyesimamia masuala ya wachezaji aliwaacha vijana wakomae shambani. Alikuwapo Bernie Williams wa Puerto Rico. Akaja Derek Jeter, aliyechaguliwa 1992. Wakaja Andy Pettitte na Jorge Posada, waliochaguliwa 1990 baada ya mamia ya vijana wengine kutajwa kwanza. Na akaja Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Panama, aliyesainiwa kwa dola zisizofika 5,000. Kwa vijana hao Yankees walitwaa ubingwa 1996, 1998, 1999 na 2000. Waliporejea tabia ya kununua majina makubwa, iliwabidi wangoje hadi 2009, na hata mwaka huo Jeter, Rivera, Posada na Pettitte walikuwa bado uwanjani.

NGUVU YA SHAMBA

Mifano ya aina hiyo haiko New York pekee. Dodgers wenyewe, ambao leo hutajwa kuwa ndio mfalme wa fedha, kwa miaka mingi walikuwa mfano wa kulea. Kuanzia 1973 hadi 1981 walinzi wao wanne wa vituo, Steve Garvey, Davey Lopes, Bill Russell na Ron Cey, walicheza bega kwa bega. Wote wanne walikuwa wamelelewa na timu hiyo, na mwaka 1981 walitwaa ubingwa kabla ya kutawanyika. San Francisco Giants walipata ubingwa mara tatu, 2010, 2012 na 2014, wakimtegemea mdakaji Buster Posey na mtupaji Madison Bumgarner, mazao ya shamba lao. Kansas City Royals, mji mdogo usio na utajiri wa New York, walikaa miaka 29 bila kufika hatua ya mtoano. Hatimaye vijana wao Eric Hosmer, Mike Moustakas, Alex Gordon na Salvador Perez wakakomaa, wakawapeleka fainali 2014 na kuwapa ubingwa 2015.

Sababu ya jambo hili si uchawi. Nguvu za mchezaji wa besiboli aghalabu huwa kileleni kabla ya kutimiza miaka 30. Kwa kanuni za ligi, katika miaka hiyo mchezaji huwa bado amefungwa na timu iliyomlea. Anapofika sokoni akiwa huru, mara nyingi anakaribia miaka 30 au ameipita. Anayemnunua wakati huo hulipia sifa za jana, ilhali anahitaji miguu na mikono ya kesho. Zaidi ya hayo, tajiri anayenunua hawezi kununua kila mahali. Timu ina wachezaji 26, na hakuna hazina iwezayo kujaza nafasi zote hizo kwa bei ya soko. Hata Dodgers wa 2025, pamoja na Shohei Ohtani na mkataba wake wa dola milioni 700, pamoja na mtupaji Yoshinobu Yamamoto waliyemleta kutoka Japani kwa dola milioni 325, waliupata ushindi wa mwisho kwa pigo la mdakaji Will Smith, kijana waliyemchagua wenyewe 2016 na kumlea shambani mwao.

Basi wenye kutetea malezi wameshinda ubishi? Hapana. Hapa ndipo penye mtego.

MAVUNO YA OAKLAND

Timu iliyolea vizuri kuliko nyingi katika nusu karne iliyopita ni Oakland Athletics. Walimsaini Jim Hunter mwaka 1964 na Reggie Jackson mwaka 1966. Wakawa nao Sal Bando, Joe Rudi, Bert Campaneris, Rollie Fingers na Vida Blue. Kwa vijana hao walitwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Lakini mmiliki wao, Charlie Finley, alikuwa bahili wa kupindukia. Alishindwa kutimiza masharti ya malipo katika mkataba wa Hunter, na Desemba 1974 msuluhishi Peter Seitz akaamua kwamba mchezaji huyo yu huru. Yankees wakampa zaidi ya dola milioni 3. Jackson naye alipelekwa Baltimore 1976, na mwisho wa mwaka huo akajiunga na Yankees. Mwaka 1976 Finley alijaribu hata kuwauza Rudi, Fingers na Blue kama mifugo mnadani, hadi Kamishna akamzuia. Mwaka 1979 Oakland ilipoteza mechi 108.

Hivyo wale wanaosema kwamba ubingwa wa Yankees wa 1977 ulinunuliwa wanasema kweli, lakini wanaiacha nusu ya habari. Fedha za Steinbrenner zilinunua mavuno ya shamba la Oakland, na shamba hilo lilikuwa wazi kwa sababu mwenye shamba alikataa kumlipa mkulima. Usipomtunza mcheza kwenu, atatunzwa kwa jirani.

Kisa hicho kimejirudia mara nyingi mno. Mwaka 1994 Montreal Expos, timu iliyokuwa miongoni mwa zile zenye mishahara midogo kabisa, iliongoza ligi nzima kwa ushindi wa mechi 74 na kushindwa 40. Vijana wake wengi walikuwa wameota katika shamba lake. Msimu huo haukumalizika kwa sababu ya mgogoro wa kazi, na Aprili 1995, katika muda wa siku chache tu, wenye timu waliwatoa Marquis Grissom, John Wetteland na Ken Hill, na kumwacha Larry Walker aende zake. Pedro Martinez alifuata mwaka 1997, akaja kuwa bingwa akiwa na Boston mwaka 2004. Montreal yenyewe ilipoteza timu: mwaka 2005 ilikuwa imekwisha kuhamishiwa Washington.

Oakland ya mwaka 2002 ilisifiwa ulimwenguni kote kwa kushinda mechi 103, sawasawa na Yankees, kwa mishahara isiyozidi theluthi moja ya ile ya Yankees. Vitabu viliandikwa na filamu ikatengenezwa. Lakini timu hiyo haikufika fainali, nyota wake karibu wote wakaondoka, na baada ya msimu wa 2024 Oakland nayo ikahamwa na timu yake baada ya miaka 57. Waliosifu ustadi wa kubana matumizi hawakuuliza mwisho wa ubanaji huo ungekuwa nini.

Wala isidhaniwe kwamba kosa hili ni la maskini tu. Boston Red Sox ni timu tajiri. Walimchagua Mookie Betts mwaka 2011, wakamlea, na mwaka 2018 akawapa ubingwa akiwa mchezaji bora wa ligi yake. Februari 2020, badala ya kumlipa anachostahili, walimpeleka Dodgers. Tangu hapo Betts ametwaa ubingwa mara tatu akiwa Los Angeles, 2020, 2024 na 2025. Je, Betts ni mchezaji aliyenunuliwa au aliyelelewa? Ni vyote viwili. Boston ililima, Dodgers wakavuna.

SIRI YA UNAFUU

Sasa ifaa kuuliza swali ambalo wasifiaji wa malezi hawalipendi. Kwa nini kijana wa nyumbani huwa rahisi? Je, ni kwa sababu uwezo wake ni mdogo? Hasha. Ni rahisi kwa sababu kanuni zinamkataza kudai thamani yake.

Mfumo wa mashamba ulijengwa na Branch Rickey katika timu ya St. Louis Cardinals baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Rickey alikusanya timu ndogo kwa makumi na vijana kwa mamia, wote wakiwa wamefungwa na mwajiri mmoja. Cardinals wakapata ubingwa baada ya ubingwa. Lakini mwaka 1938 Kamishna Landis, ambaye hakuwa rafiki wa wafanyakazi, aliona hali imepita kiasi, akawaachia huru makumi ya vijana waliokuwa wamefichwa katika mashamba hayo. Mchezaji wa zama hizo alikuwa mali ya timu maisha yake yote ya mchezo. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa timu hiyo hiyo ya Cardinals, alikataa kuhamishiwa Philadelphia bila kuulizwa, akasema hadharani kwamba yeye si bidhaa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia. Wakati huo maisha yake ya mchezo yalikuwa yamekwisha kufikia kikomo. Wenzake Andy Messersmith na Dave McNally, wakiongozwa na chama cha wachezaji chini ya Marvin Miller, ndio waliovunja mnyororo huo Desemba 1975.

Lakini mnyororo ulifupishwa, haukuondolewa. Hadi leo mchezaji hana budi kutumikia miaka sita katika ligi kuu kabla ya kuwa huru. Kwa kawaida miaka mitatu ya kwanza hulipwa mshahara wa chini au uliozidi kidogo, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Mwaka huo huo Paul Skenes wa Pittsburgh alichaguliwa kuwa mtupaji bora wa ligi yake kwa kura zote, naye mshahara wake wa msimu haukufika dola milioni 1. Thamani ya kazi yake ilikuwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Tofauti ilibaki wapi? Haikupunguza bei ya tiketi hata senti moja, wala haikununua wachezaji wa kumsaidia, kwa maana Pittsburgh walimaliza wa mwisho katika kundi lao.

Hata hiyo miaka sita hunyoshwa kwa hila. Mwaka 2015 Chicago Cubs walikuwa na kijana Kris Bryant, ambaye kila mwenye macho aliona kwamba yu tayari. Walimweka shambani kwa siku chache mwanzoni mwa msimu, wakidai kwamba anahitaji kujifunza zaidi ulinzi. Alipoitwa, alimaliza mwaka akiwa na siku 171 za utumishi, na mwaka mmoja kamili huhesabiwa kwa siku 172. Kwa upungufu wa siku moja, Cubs walijipatia mwaka mzima zaidi wa kumshikilia. Mwaka 2016 Bryant aliwasaidia kupata ubingwa waliokuwa wameungoja kwa miaka 108. Alipolalamika, msuluhishi aliamua mwaka 2020 kwamba timu haikuvunja kanuni. Kwa hakika haikuvunja. Kanuni yenyewe ndiyo iliyovunjika.

Patakuwapo mtu wa kusema: mbona analiliwa mtu mwenye dola 760,000 kwa mwaka, fedha ambazo mkulima hawezi kuzipata katika maisha yake yote? Hoja hii inasikika kuwa ya haki, lakini ina upungufu mkubwa. Kwanza, wengi wa vijana wa mashambani hawafiki kamwe katika ligi kuu. Hadi 2022 kijana aliyekuwa ngazi ya chini kabisa ya mashamba hayo alilipwa dola 4,800 kwa msimu, na aliyekuwa mlango wa kuingilia ligi kuu alilipwa 17,500. Walilala wengi katika chumba kimoja na kufanya vibarua wakati wa baridi. Mwaka 2018 wenye timu walikwenda Bungeni na kupata sheria ya kuwaondoa vijana hao katika ulinzi wa kima cha chini cha mshahara. Vijana walipoungana katika chama mwaka 2022, mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ulipandisha kima hicho hadi dola 19,800 chini na 35,800 juu. Je, kuna timu iliyofilisika? Hata moja. Nyumba nzima ya methali za ubahili iliporomoka kwa saini moja.

Pili, senti asiyolipwa mchezaji haiendi kwa maskini. Mwaka 2000 David Glass aliinunua Kansas City Royals kwa dola milioni 96. Kwa miaka mingi watu wa mji huo waliambiwa kwamba timu yao ni ya mji mdogo na haiwezi kushindana kwa fedha. Baada ya ubingwa wa 2015, Hosmer aliachwa aondoke na Moustakas akapelekwa timu nyingine, na mwaka 2018 timu ikapoteza mechi 104. Mwaka 2019 Glass akaiuza kwa takriban dola bilioni 1. Wananchi wa Kansas City wapime wenyewe ni umaskini wa namna gani huo unaozaa mara kumi.

KULEA NI GHARAMA

Ni vyema pia kuondoa kasumba kwamba kulea ni njia ya kukwepa gharama. Mji huo huo wa Kansas City uliwahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1970 mmiliki wa kwanza wa Royals, Ewing Kauffman, mwenye kiwanda cha madawa, alifungua chuo cha besiboli huko Sarasota, Florida. Aliwatafuta vijana wenye mbio na macho makali ambao timu nyingine ziliwapuuza, akawapa mafunzo uwanjani na masomo darasani. Miongoni mwao alikuwamo Frank White, mtoto wa Kansas City mwenyewe. White alikuja kutunukiwa mara nane tuzo ya mlinzi bora, na mwaka 1985 alikuwa nguzo ya timu iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa mji wake. Chuo chenyewe kilikuwa kimekwisha kufungwa 1974, kwa sababu wahesabu fedha walikiona kuwa ghali. Matunda yake yaliliwa zaidi ya miaka kumi baada ya shamba kukatwa.

Mwenendo huo wa kukata mashamba ungaliko. Kuanzia 2021 ligi kuu ilipunguza timu ndogo zilizo chini yake kutoka kama 160 hadi 120, na miji zaidi ya 40 ikapoteza timu zilizokuwa fahari yake. Hao hao waliopunguza ndio wanaohubiri uzuri wa vipaji vya nyumbani. Badala ya kulea kwao, wanapeleka mashamba mahali ambapo kazi ni rahisi zaidi. Timu zote 30 zina vyuo katika Jamhuri ya Dominika, ambako mtoto husainiwa akiwa na miaka 16, na yapata mchezaji mmoja katika kila kumi wa ligi kuu ametoka katika kisiwa hicho. Kwa anayefaulu, ni neema kwa ukoo mzima. Kwa anayeshindwa, ambao ndio wengi, hubaki kijana asiye na elimu wala ufundi.

Jambo hili limekwisha kufika hata Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania. Mwaka 2022 Dodgers wakawasaini vijana wawili wa Uganda. Ni habari njema, na inastahili kupongezwa. Lakini wazazi na viongozi wa michezo wa upande huu hawana budi kujua ni kanuni zipi zinazomngoja kijana huko mbele kabla ya kalamu kugusa karatasi.

JAMBO LA KUFANYA

Mkataba wa kazi kati ya wenye timu na chama cha wachezaji, uliotiwa saini 2022, uliwekewa mwisho wake Desemba 2026. Ndiyo sababu kelele juu ya fedha za Dodgers zimepangwa kama wimbo wa kwaya. Wenye timu wanatamani kikomo cha mishahara, na wanataka washabiki wa Pittsburgh na Kansas City waimbe kiitikio. Walijaribu hivyo mwaka 1994. Wachezaji waligoma tarehe 12 Agosti, na fainali za mwaka huo zikafutwa, jambo ambalo hata vita viwili vikuu havikuweza kulifanya. Kikomo cha mishahara hakimlazimishi bahili kulea wala kulipa. Humkataza tu yule aliye tayari kulipa, na kumwachia bahili akiba yake pamoja na heshima ambayo hakuistahili.

Kama nia ni kuzisaidia timu ndogo, njia ziko wazi. Fedha ambazo timu kubwa huzichangia timu ndogo kila mwaka zifungwe kwa sharti kwamba zitumike kwa wachezaji na mashamba, na asiyezitumia asipewe tena. Miaka sita ya kungoja uhuru ipunguzwe, na ihesabiwe kwa namna ambayo hila ya siku moja haitaweza kumwibia mtu mwaka. Mshahara wa kijana bora uendane na kazi yake ya mwaka huo, badala ya kungoja aanze kuchoka. Miji iliyonyang'anywa timu irudishiwe.

Jibu la ubishi wa kila Oktoba, basi, ni hili: ubingwa huota shambani, na hudumu kwa malipo ya haki. Steinbrenner alipopuuza shamba, fedha zake zilimpa miaka ya ukame. Finley alipolima na kukataa kulipa, alimlimia jirani yake. Dodgers wanashinda leo kwa sababu wanafanya yote mawili, kulea na kulipa. Anayewachukia kwa kulipa aanze kwanza kumuuliza mwenye timu yake mwenyewe kwa nini yeye halipi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mcheza kwao hufungiwa mlango miaka sita, akitumbuizwa kwa sifa huku mwenye ngoma akihesabu mapato. Ngoma ikikosa tuzo, mchezaji huenda kucheza kwingine, na kijiji hubaki na uwanja mtupu. Watu wa Montreal na wa Oakland wanaujua uwanja huo ulivyo kimya.